Panya wasiopewa dawa

Katika kila jaribio la mitishamba ninalofanya kuna panya watano au sita ambao hawaonji mti wowote. Tunawaambukiza kama wenzao, tunawashika na kuwanywesha kama wenzao, ila kilichomo kwenye bomba ni maji na kiyeyusho tu. Wageni wa maabara huwaonea huruma kuliko wengine wote. Mimi huwategemea kuliko wengine wote. Ukisikia majani fulani "yamepunguza vimelea kwa asilimia 60", hiyo 60 imetoka kwao.

Nieleze kwa malaria, ndiyo ninayoishughulikia. Plasmodium falciparum, kimelea kinachoua watu wengi zaidi, hakistawi kwa panya wa kawaida wa maabara. Kwa hiyo tunatumia ndugu yake, Plasmodium berghei, ambacho Vincke na Lips walikieleza mwaka 1948 kutokana na panya wa msituni wa Katanga, Kongo. Ni ndugu, si pacha, na hilo nitaomba ulishike.

Ratiba inajulikana kama jaribio la siku nne la Peters. Siku ya sifuri kila panya huchomwa tumboni seli nyekundu milioni 10 zenye vimelea. Saa chache baadaye hupewa dozi ya kwanza, kisha moja kila siku kwa siku tatu. Siku ya nne tunachukua tone la damu mkiani, tunalitandaza kwenye slaidi, linakauka, linapitishwa kwenye methanoli, linapakwa rangi ya Giemsa.

Kuanzia hapo ni macho na subira. Kwenye lenzi ya mara 100 seli nyekundu huonekana kama visahani vilivyopauka, na kimelea kichanga ndani yake ni pete nyembamba ya buluu yenye nukta ya zambarau. Punje ya rangi ambayo haikuchujwa vizuri nayo ni ya zambarau, na kila mwanafunzi mpya huihesabu kama kimelea hadi mtu amfundishe kuchezesha lenzi juu na chini: punje hukaa juu ya seli, kimelea kimo ndani. Halafu P. berghei hupenda seli changa, na wakati mwingine utakuta pete tatu zimebanana kwenye seli moja. Hiyo inahesabiwa seli moja. Mimi husisitiza anayehesabu asijue slaidi ni ya kundi lipi. Si kwamba watu ni waongo, ila jicho linalotamani dawa ifanye kazi huruka vitu.

Sasa hesabu. Tuseme wale wasiopewa dawa wana vimelea kwenye asilimia 20 ya seli zao, na waliokunywa dondoo, yaani kilichokamuliwa kutoka kwenye mti, wana 8. Tofauti ni 12, gawanya kwa 20, unapata asilimia 60. Basi. Haimaanishi panya 60 kati ya 100 wamepona. Pengine hakuna aliyepona hata mmoja. Vimelea vimecheleweshwa tu, na ukiwaacha watakufa siku chache baada ya wenzao. Pembeni kuna kundi la tatu linalopewa klorokwini, dawa inayojulikana ya malaria, ambayo kwa aina ya kimelea isiyo sugu huwa inakaribia 100. Klorokwini ikishindwa, jaribio zima ni la kutupa.

Lakini nisiibeze asilimia ya katikati. Mwaka 1971 huko China, timu ya mtafiti wa dawa Tu Youyou ilikuwa imeona dondoo la pakanga, Artemisia annua, likizuia vimelea kwa asilimia 68, kisha waliporudia ikaanguka kati ya 12 na 40. Wengi wangeufuta mti huo. Yeye alirudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong ya karne ya 4, yanayosema majani yalowekwe majini na kukamuliwa, bila kuchemshwa. Akashuku joto. Wakatumia etha, kiyeyusho kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi, na tarehe 4 Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikawasafisha panya kwa asilimia 100. Mti ulikuwa uleule. Ndiyo maana ripoti inayotaja mti bila kusema ulikaushwaje na kukamuliwa kwa kutumia kiyeyusho gani, huwa naifunga mapema.

Kinachonitia shaka zaidi ni dozi. Kuna wakati dondoo letu la gome lilionekana zuri sana kwa miligramu 800 kwa kila kilo ya panya. Ukigeuza kwenda kwa binadamu unagawanya kwa 12 hivi. Mtu wa kilo 60 angehitaji karibu gramu 4 za dondoo kavu kila siku. Kama gramu 100 za gome hutoa 10 za dondoo, hizo ni gramu 40 za gome. Nani atakunywa? Hata hivyo tulifurahi, mimi nikiwa wa kwanza.

Aliyetuzindua ni mhudumu wa panya, si mtaalamu. Aliniuliza kwa nini chakula cha vizimba vile hakipungui. Nikafungua daftari la uzito, ambalo nilikuwa nalijaza kila asubuhi bila kulisoma: kundi la 800 lilikuwa limekonda kuanzia siku ya pili. Na panya mwenye njaa humnyima kimelea riziki. Tangu miaka ya 1950 inajulikana kwamba kubadili tu chakula, kwa mfano kumlisha maziwa matupu, huweza kuzima P. berghei bila dawa yoyote.

Tukarudia kwa dozi ya nusu. Tukaongeza kundi jingine la wasiopewa dawa, tukawapimia chakula kilekile kidogo walichokula wale wa 800. Slaidi zao zilipokauka, vimelea vyao vilikuwa vimepungua karibu sawa na vya wale waliokunywa gome.