Samaki mkubwa kwenye fimbo isiyo na kigurudumu

Tangu nianze kuandika habari za tenkara, swali ninaloulizwa zaidi ni hili: samaki mkubwa akinasa utafanya nini, nawe huna mshipi wa kumwachia? Kwa miaka mitatu nililijibu vibaya, na majibu yangu yako mtoni mpaka leo, kila moja na kipande cha uzi.

Kwa asiyeijua: tenkara ni uvuvi wa mito ya milimani huko Japani. Fimbo ina urefu wa mita 3.3 hadi 4.5 hivi, mshipi umefungwa moja kwa moja kwenye ncha yake, bila kigurudumu cha kuuzungushia na kuuachia, na mwisho wa mshipi kuna kebari, yaani ndoano iliyovishwa uzi na manyoya ya ndege ikafanana na mdudu. Basi. Zamani fimbo ilikuwa mwanzi na mshipi ulisokotwa kwa singa za farasi. Siku hizi fimbo ni ya kaboni, vipande vyake huingiana kama aerio ya redio. Waliouendeleza uvuvi huu hawakuwa wakijistarehesha. Walivua iwana, jamaa wa trauti mwenye madoa meupe, wakaenda kuwauzia wenye nyumba za wageni. Iwana wa kawaida ana sentimita ishirini na kitu. Akifika shaku moja, kipimo cha kale cha sentimita 30.3, huyo ni wa kusimuliwa jioni nzima. Zana ilitengenezwa kwa samaki wa kiasi hicho. Wakubwa zaidi huja bila kualikwa.

Mimi nimekulia kwenye mshipi wa mkono. Kwetu pwani, kolekole akinasa akakimbia, unauacha mshipi upite vidoleni, akipumzika, unavuta. Elimu hiyo nilikwenda nayo Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, ambako mitoni kuna nijimasu, trauti wa upinde wa mvua, walioletwa Japani kutoka Marekani mwaka 1877 na ambao hufika nusu mita. Wa kwanza aliponasa alishika njia ya bondeni, na mkono wangu, kwa mazoea, ukamfuata. Fimbo ikanyooka kumwelekea. Tap! Uzi umekatika.

Hapo ndipo penye siri yote. Fimbo ya tenkara hufanya kazi inapopinda tu. Ikipinda, inakuwa ndiyo mshipi wako wa akiba: samaki akivuta inampa kidogo, akilegea inamrudisha. Ikimwelekea yeye, haina mpindo, na mvuto wote unauangukia uzi wa mwisho, ule mwembamba ulio kati ya mshipi na kebari. Uzi huo mimi hutumia namba 0.8 kwa hesabu ya Kijapani, unene wa kama milimita 0.15. Usifunge mnene zaidi kwa tamaa. Ncha ya fimbo ni nyembamba kuliko njiti ya kiberiti, na kati ya vitu viwili hivyo lazima kimoja kitangulie kukatika. Mimi nimeshachagua kipi.

Basi samaki mzito akinasa, usimwinulie fimbo juu. Ilaze ubavuni, karibu na maji, umvute kichwa kwa pembeni. Akivutwa juu hupigapiga maji na kupata hasira; akivutwa pembeni hulazimika kugeuka, na kila anapogeuka anapoteza nguvu. Akielekea kushoto, hamishia fimbo kulia. Akigeuka, geuka nawe. Nguvu zako hazihitajiki sana, ila pembe isipotee.

Na miguu. Asiye na kigurudumu, mshipi wake wa ziada ni miguu yake. Samaki akiwa chini yako kwenye mkondo, unapigana na yeye pamoja na mto mzima. Shuka ukingoni mpaka uwe sambamba naye, ikiwezekana umpite, ili sasa yeye ndiye apigane na fimbo na maji kwa pamoja. Ndiyo maana siku hizi, kabla sijatupa kebari penye kina, naangalia kwanza njia ya kushukia: mawe yapi yanakanyagika, mti gani umeziba. Pasipo na njia situpi, hata nikimwona samaki kwa macho. Wenzangu hunicheka kwa hili.

Mwisho wa pambano ndio huvunja fimbo nyingi. Mshipi ni mrefu kama fimbo, na uzi umeongeza mita nzima, kwa hiyo samaki haji mkononi kwa kuinua fimbo peke yake. Mgeni huilaza fimbo nyuma ya bega ili kumsogeza, mpindo wote unahamia kwenye ncha, na ncha inakwenda. Nimevunja mbili namna hiyo. Fimbo isipite wima; nyoosha mkono mwingine, ukamate mshipi, uvute taratibu kwa kidole gumba na cha shahada. Usiuzungushe kiganjani kamwe, maana akiruka mara ya mwisho, na ataruka, uwe tayari kuuachia na kurudi kwenye fimbo. Mpeleke maji yaliyotulia, pua ikiwa juu, umwingize kichwa kwanza kwenye tamo, kile kiwavu cha mviringo ambacho mafundi wa Japani hukitengeneza kwa kukunja tawi la mti.

Yule aliyenifundisha somo hili alinishusha mto hatua kama themanini, na nikatumbukia mpaka kiunoni mara mbili. Nilimpima kwenye fimbo: sentimita 47. Nikamshika akielekea mkondo mpaka mkia ukapata nguvu, akaenda. Kebari ilikuwa imetafunwa, imebakiwa na unyoya mmoja na nusu. Jioni ile ile nikaitupa tena.