Kosa la asinkroni kwenye seva ni nini?

Kosa la asinkroni ni kosa linalotokea wakati fanksheni iliyoanzisha kazi imeshaondoka. Seva imeiomba hifadhidata taarifa za mtumiaji, na badala ya kukaa kusubiri ikashughulikia maombi mengine. Baadaye kidogo inajibiwa kwamba muunganisho umekatika. Hapo kosa limeshazaliwa, lakini fanksheni iliyoanzisha kazi haipo tena kulipokea.

Katika kodi ya kawaida kosa hupanda kutoka fanksheni iliyoitwa kwenda kwa iliyoiita, hadi likutane na `catch`, sehemu inayodaka kosa lililotokea ndani ya `try`. Kwa kazi ya asinkroni ngazi hiyo imeshaondolewa. Ndiyo maana kuizungushia `setTimeout`, inayoahirisha kazi kwa muda, jozi ya `try` na `catch` hakusaidii: kosa likirushwa ndani ya kolubeki yake (fanksheni uliyoikabidhi iitwe baadaye), `try` ilishafungwa zamani.

Node.js, programu inayoendesha JavaScript kwenye seva, ilianza na desturi ya kupitisha kosa kama hoja ya kwanza ya kolubeki. Ilifanya kazi, ila mwandishi alilazimika kulikagua mwenyewe kila hatua, na akisahau mara moja tu kosa linamezwa kimya. Promisi, yaani vitu vinavyowakilisha matokeo yatakayokuja baadaye, zilizoingia rasmi kwenye JavaScript mwaka 2015, zililibeba kosa ndani yake. Mwaka 2017 zikafuata `async`, inayotangaza fanksheni ya asinkroni, na `await`, inayoifanya ingoje matokeo ya promisi, na `catch` ikarudi kuwa na maana.

Lakini ina maana pale tu panapokuwa na `await`. Tazama kipande hiki, kilicho ndani ya fanksheni ya `async`:

```
try {
  return tafutaMtumiaji(id);
} catch (kosa) {
  andikaKumbukumbu(kosa);
}
```

Kinaonekana salama, na wengi tungekipitisha bila kukitazama mara mbili. Promisi ikifeli, hiyo `catch` haiguswi kabisa, maana fanksheni imerudisha promisi na kutoka bila kungoja matokeo. Andika `return await tafutaMtumiaji(id)` na kosa litadakwa papo hapo.

Ukitumia Express, maktaba ya kujengea seva kwenye Node.js, toleo ni jambo la kuangalia. Katika toleo la 4, fanksheni ya `async` inayoshughulikia ombi ikifeli, Express haipati habari. Ni juu yako kulidaka kosa na kulipeleka kwa `next(kosa)`. Usipofanya hivyo, mtumiaji anabaki akingoja jibu lisilokuja. Tena tangu Node.js 15, iliyotoka mwaka 2020, promisi iliyofeli bila mtu wa kuidaka huangusha mchakato mzima, kwa hiyo ombi la mtu mmoja linaweza kuwakatia huduma wote. Express 5 hupeleka kosa la namna hiyo yenyewe kwenye kishughulikia makosa.

Kishughulikia hicho huwekwa baada ya njia zote (anwani ambazo seva hujibu), nacho lazima kiwe na vigezo vinne: `(kosa, req, res, next)`. Express hukitambua kwa kuhesabu vigezo, basi usiifute `next` kwa sababu tu huitumii. Humo ndimo unapoandika maelezo kamili kwenye kumbukumbu za seva na kumrudishia mtumiaji jibu fupi lenye namba 500 (hitilafu ya seva), bila kumwanikia matumbo ya programu.

Wako wanaokimbilia `process.on('uncaughtException')`, inayopokea makosa yaliyokosa wa kuyadaka, ili seva isife kamwe. Kuendelea baada ya hapo ni hatari, kwani hujui ni data gani iliachwa nusunusu. Itumie kuandika kumbukumbu, funga mchakato, kisha msimamizi wa michakato (programu inayoilinda seva iendelee kuwaka) auwashe upya.