Kwa nini droo ya kabati la cherehani hugoma masika na kulegea kiangazi?

Tengeneza kabati la mbao la kuwekea cherehani hapa Dodoma mwezi Septemba, na droo zake zitaingia na kutoka kwa kusukuma kidole kimoja. Ikifika Februari, droo ileile ya nyuzi itataka mikono miwili. Julai italegea tena. Hakuna aliyeongeza ubao wala kuupunguza.

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja: joto. Shuleni tulifundishwa kwamba vitu hutanuka vikipata joto, na kila anayelala chini ya paa la bati huku kwetu anasikia mabati yakialika asubuhi jua linapopanda na tena usiku baridi inapoingia. Kwa hiyo nilipomtengenezea dada yangu kabati, yeye ni fundi cherehani na anashonea nyumbani Kizota, sikuwaza kitu kingine. Lilikuwa kabati la mbao za paini: meza juu yenye tundu la kushushia kichwa cha cherehani, droo tatu upande wa kulia, na nafasi ya pasi na vitambaa kushoto. Februari akapiga simu: "Kaka, droo ya mikasi haifunguki, na mteja amekaa hapa ananisubiri." Nikaenda na randa. Nikaparua ubavu wa kushoto na wa kulia wa droo, maana niliamini imenenepa pande zote kama bati. Haikusaidia. Nikaparua tena. Oktoba droo ilikuwa inayumba, pembeni inaingia penseli.

Hiyo Oktoba ndiyo ingenifumbua macho mapema zaidi. Dodoma, Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, ndiyo miezi yenye jua kali kuliko yote. Kama joto ndilo linalovimbisha mbao, droo ingegoma wakati huo. Badala yake ndio wakati inapocheza zaidi. Ukipiga hesabu, dhana ya joto inaporomoka kabisa. Ubao wa paini wenye upana wa sentimita 20, ukipashwa joto la nyuzi 15 zaidi bila kubadili unyevu wake, huongezeka kwa kiasi kisichofika milimita 0.1, sawa na unene wa karatasi moja ya daftari. Tena jua halisi haliuachi unyevu ulivyo. Linaukausha ubao, na ubao unaokauka husinyaa. Joto la Oktoba linapunguza droo.

Kinachofanya kazi ni maji yaliyomo hewani. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, kisha miezi mingi mikavu yenye upepo. Ubao uliokaa muda mrefu kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 40 hutulia ukiwa na maji yanayolingana na asilimia 8 hivi ya uzito wake mkavu. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 70, ubao huohuo hupanda hadi asilimia 13 hivi. Ubao hauhitaji kumwagiwa hata tone. Unayavuta maji hayo kutoka hewani.

Maji hayo yanakaa wapi? Ubao umejengwa kwa mirija midogo sana iliyolala kufuata urefu wa mti. Maji hukaa sehemu mbili: ndani ya tundu la mrija, na ndani ya ukuta wa mrija wenyewe. Fikiria gauni la pamba lililolowekwa kwenye ndoo. Ukimwaga maji ya ndoo, gauni bado limelowa. Gogo lililokatwa leo liko hivyo: linaweza kubeba maji mazito kuliko mbao yenyewe, na yanapotoka yale ya kwenye matundu, ndoo ndiyo inayomwagwa, gogo halisinyai hata kidogo. Kusinyaa huanza pale maji yanapobaki takriban asilimia 30 na kuta zenyewe zinapoanza kukauka.

Sasa ingia ndani ya ukuta. Umefumwa kwa nyuzi nyembamba za selulosi, dutu inayojenga kuta za mimea, na nyingi zinafuata urefu wa mrija. Chukua mzigo wa mabua ya uwele uliofungwa kwa kamba, kisha anza kuchomeka vijiti vyembamba katikati ya mabua. Mzigo unanenepa, kamba inakaza, lakini urefu wa mabua ni uleule. Toa vijiti, mzigo unalegea. Maji ndiyo vijiti: yanajipenyeza kati ya nyuzi na kuzisukuma ziachane, hayazirefushi. Ndiyo maana ubao wa paini ukikauka kutoka ubichi hadi ukavu kamili hupungua upana kwa hadi asilimia 7 hivi, na urefu wake kwa asilimia 0.1 au 0.2 tu.

Fundi cherehani atakumbuka kitambaa cha pamba kinacholowekwa kabla ya kukatwa ili kisije kikaruka, yaani kufupika, baada ya kufuliwa. Mfano unakaribia, kwa kuwa pamba nayo ni selulosi, ila una mpaka wake. Kitambaa huruka zaidi kwa sababu nyuzi zilizovutwa kiwandani zinalegea, na hakirudi chenyewe. Ubao hurudi kila mwaka.

Kuna jambo jingine linalonivutia sana. Hata ule upana haubadiliki sawasawa. Ukitazama kichwa cha ubao utaona mistari ya duara za mti. Kufuata duara, ubao husinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda kwenye gome. Kwa nini mara mbili? Maelezo ni zaidi ya moja, likiwemo la mishipa midogo itokayo kiini kwenda nje ambayo huushikilia mti upande huo, na wataalamu hawajakubaliana kipi kina uzito zaidi. Matokeo yake yanaonekana kwa macho: ubao hujikunja kama bakuli.

Turudi kwenye droo. Mbavu zake zimekatwa nyuzi zikienda mbele na nyuma, na uso wake nyuzi zikienda kushoto na kulia. Kwa hiyo droo haiongezeki upana wala kina. Inaongezeka kimo. Wakati huohuo mbavu za kabati zina nyuzi zinazosimama wima, hivyo nafasi ya droo haiongezeki kimo hata milimita. Kitu kinakua ndani ya tundu lisilokua. Droo yenye kimo cha sentimita 20, unyevu wake ukipanda kutoka asilimia 8 hadi 13, inaweza kuongezeka milimita 2 na ushei. Ile ya sentimita 6 huongezeka chini ya milimita moja. Mimi nilikuwa naparua mahali ambapo hapajawahi kugusa kitu.

Kupajua panapogusa ni rahisi, na kifaa kimo ndani ya droo yenyewe: paka chaki ya kushonea kwenye kingo zote, sukuma droo, ivute, kisha tazama chaki imefutika wapi. Kwa dada ilifutika ukingo wa juu.

Wengi hulaumu mbao mbichi, na wana haki nusu. Mbao nyingi za paini zinazouzwa Dodoma hutoka nyanda za juu kusini, kama shamba la miti la Sao Hill kule Mufindi, na ikiwa hazikukauka vizuri zitasinyaa sana mwaka wa kwanza. Lakini hata ubao mkavu wa miaka ishirini hupumua na misimu. Vanishi nayo huchelewesha maji tu, haiyazuii. Ukipaka nje peke yake ukaacha ndani wazi, upande mmoja hunywa haraka kuliko mwingine, na ubao hupinda.

Kwa hiyo kabati la vifaa vya kushonea lipewe droo nyingi zenye kimo kifupi badala ya chache zenye kimo kirefu, jambo linalofaa pia kwa nyuzi, bobini na vifungo. Ukilitengeneza kiangazi, acha milimita 3 juu ya droo yenye kimo kirefu. Tako la droo liwe la plaiwudi, ambayo tabaka zake zimepishanishwa nyuzi hata zinazuiana. Meza ya juu ya mbao nzima yenye upana wa sentimita 50 inaweza kucheza karibu nusu sentimita, basi usiibandike kwa gundi kwenye mbao zinazokatiza nyuzi zake. Ifunge kwa skrubu zilizopita kwenye matundu marefu, na kifuniko cha tundu la cherehani kiachiwe nafasi pembeni. Reli ya droo inakatiza nyuzi za ubavu wa kabati: kaza skrubu ya mbele, ya nyuma iwe kwenye tundu refu, la sivyo ubavu utapasuka Septemba. Mwenye uwezo atumie mninga, unaojulikana kwa kusinyaa kidogo mno.

Kabati la dada sasa lina droo tano. Ya vifungo ina kimo cha sentimita 6, imepita masika mawili, na haijaguswa na randa.