Utamu wa riwaya umefanyiwa kazi

Meza yangu ya vitabu vya mtumba iko Moshi mjini, karibu na stendi kuu. Anayesubiri basi la Arusha husimama, hufunua kurasa mbili tatu, kisha huanza maneno juu ya riwaya na wanaoziandika. Miaka tisa sasa nasikia yale yale, na kila mara najibu nusu nusu huku natafuta chenji. Leo nimekaa, nayajibu vizuri.

"Watunzi ni watu wasio na kazi."

Hili husemwa zaidi na wazazi, mtoto akishataja kwamba anapenda kuandika. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni, na aliandika akiwa mtumishi. Muhammed Said Abdulla, mtunzi wa riwaya za upelelezi, alifanya kazi idara ya afya Zanzibar kabla ya kuwa mhariri wa gazeti. Elvis Musiba, aliyemtunga jasusi Willy Gamba, alikuwa mfanyabiashara. Ben Mtobwa, aliyetupa mpelelezi Joram Kiango, alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko. Na Anthony Trollope, mtunzi wa Uingereza na mtumishi wa posta, alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa. Akimaliza, anakwenda kazini kama watu wengine. Akaacha riwaya 47. Kwa hiyo, mama mwenzangu, binti akikwambia anataka kuandika, usimwone amechagua uvivu. Amechagua kazi ya pili.

"Riwaya pendwa haina ufundi, ni kukimbizana na bastola tu."

Darasani wanagawa riwaya dhati, zile za mawazo mazito, na riwaya pendwa, zile za kusisimua kama za upelelezi na mapenzi, na kwa mwanafunzi mgawanyo huo una faida. Huku mtaani umegeuka kuwa tusi. Mtu ananunua kitabu cha upelelezi anakifunika na gazeti kama aliyebeba kitu cha aibu, na mimi naumia nikiona hivyo.

Mtunzi wa upelelezi huandika hadithi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni uhalifu ulivyotendeka, na hiyo anaificha. Ya pili ni namna unavyofichuliwa, na hiyo ndiyo unayoisoma. Kila kitu cha ile ya kwanza lazima akuoneshe waziwazi, lakini wakati jicho lako liko kwingine. Kikombe kilichonyweka nusu kinatajwa katikati ya ugomvi wa ndugu. Wewe unafuata ugomvi, kikombe unakisahau. Kurasa mia baadaye kinarudi, unapiga paja. Akikificha kabisa, amekudhulumu. Akikionesha mno, umeshajua muuaji kabla ya chai kupoa. Jaribu kuandika ukurasa mmoja wa namna hiyo uone jasho litakavyokutoka.

Abdulla aliliweza hilo katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki mwaka 1957/58 na kuchapishwa 1960. Wapo wanaoipuuza kwamba ni Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa vitabu vya Kiingereza, aliyevaa kanzu. Umbo aliliazima, sikatai: mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake, na pembeni Najum, rafiki anayeshangaa kwa niaba yetu. Lakini mzimu wenyewe, hofu ya watu juu yake, na adabu ya mazungumzo ambapo mtu anahojiwa bila kuvunjiwa heshima, hayo hakuyaazima London. Ni ya kwao Unguja.

"Anayeandika mauaji ana roho mbaya."

Agatha Christie, mtunzi Mwingereza wa riwaya za upelelezi, alijua sumu kwa sababu alihudumu katika chumba cha dawa cha hospitali wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Alipima dawa za wagonjwa, na riwaya yake ya kwanza, iliyotoka 1920, ikatumia ujuzi huo. Basi.

"Hemingway aliupanda mlima wetu."

Hii ni yetu sisi wa Moshi, nayo inanigusa. Mgeni ananiuliza Ernest Hemingway, yule mwandishi Mmarekani, alipitia njia ipi kupanda Kilimanjaro, Marangu au Machame, na pembeni yupo kijana wa kumjibu bila hata kusita. Hakupitia yoyote. Safari yake ya 1933 hadi 1934 ilikuwa ya uwindaji. Januari 1934 aliugua kuhara damu porini, ikabidi achukuliwe na ndege ndogo kwenda Nairobi kutibiwa.

Hadithi fupi yake yenye jina la theluji za Kilimanjaro ilitoka 1936. Ndani yake mwindaji anakufa kwa donda ndugu la mguu akiingoja ndege, na akilini mwake ndege inafika na kumpeleka kwenye kilele. Ugonjwa wa tumbo umekuwa mguu unaooza, na ndege iliyomwokoa mtunzi imekuwa safari ya mwisho ya mhusika. Hivyo ndivyo mwandishi anavyotumia maisha yake: anavunja jengo, anajenga upya kwa matofali yale yale. Ukimsoma kama shajara utapotea.

Ila chui aliyekufa na kukauka karibu na kilele, anayetajwa mwanzo wa hadithi, ambaye wageni hudhani ni wa kubuni, alikuwepo kweli. Mchungaji wa Kilutheri Richard Reusch alimkuta ameganda karibu na ukingo wa kreta ya Kibo mwaka 1926. Kreta ya ndani ya Kibo leo ina jina lake.

"Mwandishi ni tajiri, nikimrushia rafiki kitabu kwa simu hapungukiwi."

Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 10,000 na mkataba unampa mtunzi asilimia 10. Nakala 1,000 zikiisha zote, amepata milioni moja, labda kwa kazi ya miaka miwili. Kila faili linalorushwa kwenye kundi la WhatsApp linakata hapo. Conan Doyle mwenyewe, aliyemtunga Sherlock Holmes, hadithi ya kwanza ya Holmes aliiuza moja kwa moja kwa pauni 25. Na mimi ninayeuza mtumba sijitoi: nakala yangu ilishalipiwa mara moja, shilingi ya pili haimfikii aliyeandika. Ndiyo maana vitabu vipya vya watunzi walio hai naviweka mbele kabisa ya meza.

"Ukisimuliwa inatosha."

Masika iliyopita kijana wa bodaboda alinunua riwaya ya kijasusi, chakavu, bila jalada. Siku ya tatu akarudi, maji yanamchuruzika kwenye koti. Karatasi mbili za mwisho hazikuwemo, na mimi sikuwa nimekagua. Nikamwomba radhi, nikamrudishia hela. Kitabu hicho nilikisoma zamani nikiwa msichana, nikaona nimfidie kwa kumwambia kilivyoisha.

Akanyoosha mkono kunizuia. "Shikamoo mama, tafadhali usinisimulie. Nitafutie."

Nilipiga simu kwa mwenzangu anayeuza vitabu Arusha. Ilichukua wiki mbili. Nakala ilipofika na basi, kijana aliipokea, akafunua kwanza nyuma kabisa, akahesabu karatasi kwa kidole bila kusoma neno hata moja, kisha akaifunga na kuiingiza ndani ya koti.