Tibakinga kabla ya kisu: maana yake nini?

Mjomba wangu wa Kondele, Kisumu, alipoambiwa kidonda cha ulimi wake ni saratani na kinaweza kukatwa, alishangaa kusikia dawa itaanza kwanza. "Mpwa wangu, nyumba ikishika moto, unaitisha mkutano?"

Swali lake ni la haki. Tibakinga ni dawa inayowaamsha askari wa mwili wenyewe, yaani chembe nyeupe za damu, ili washambulie saratani. Askari hao wana breki iitwayo PD-1, inayowazuia wasiudhuru mwili. Saratani nyingi za kinywa, koo na kisanduku cha sauti huvaa protini ya PD-L1, nayo huikanyaga breki hiyo. Askari hupita kando ya adui wakimwona ndugu. Tibakinga iitwayo pembrolizumab huifungua breki.

Sasa, kwa nini kabla ya upasuaji? Kwa sababu uvimbe ukiwa bado mahali pake, na tezi za shingoni hazijatolewa, askari wana mahali pa kumsoma adui: sura zake zote zipo. Ukishakatwa, mabaki yaliyojificha ni machache na tezi walizojifunzia mara nyingi zimeondoka nao. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito wa jambo zima. Zile wiki chache si za kungoja, ni za kufundisha.

Katika utafiti mkubwa wa wagonjwa 714 wa saratani kama hizi, dawa hiyo ilitolewa mara 2 kabla ya upasuaji, kisha mara 15 baadaye, kila wiki 3, pamoja na mionzi, na kemo kwa waliohitaji. Baada ya miaka 3, wagonjwa kama 58 kwa kila 100 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi wala kuendelea. Waliotibiwa kwa njia ya zamani, yaani upasuaji na mionzi bila tibakinga, na kemo kwa waliohitaji, walikuwa kama 46. Juni 2025 Marekani iliidhinisha matumizi haya kwa uvimbe wenye PD-L1, kwa hiyo kile kinyama kilichokatwa kupimwa kiulizwe pia habari ya PD-L1.

Bei ni kali. Uliza mapema SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, italipa nini, kabla hamjauza ng'ombe.

Na askari walioamshwa wanaweza kushambulia mapafu, utumbo, ini au tezi ya koo (thairoidi), hata miezi baadaye. Mgonjwa akianza kuharisha, kukohoa au kukosa pumzi, msimnunulie dawa ya taifodi dukani. Mrudisheni kwa daktari wake siku hiyohiyo.