Tetemeko si maafa

Kila nikianza kufundisha usimamizi wa maafa, naandika ubaoni tarehe mbili: 12 Januari 2010 na 27 Februari 2010. Siku ya kwanza Haiti ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.0. Siku ya pili ikawa zamu ya Chile, kwa tetemeko la 8.8, lenye nishati kama mara 500 ya lile la Haiti. Chile walikufa watu wapatao 525. Haiti walikufa wengi mno, hata makadirio yanapishana kwa laki nzima.

Tetemeko lenyewe ni tishio tu. Linageuka maafa linapowakuta watu wasio na kinga, na hasara ikawazidi uwezo. Chile walikuwa na kanuni kali za ujenzi, tena zinazosimamiwa. Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, nyumba nyingi za zege zilijengwa bila nondo za kutosha, zikawalalia waliokuwemo.

Kwa kawaida maafa hugawanywa mafungu mawili, ya asili na ya kusababishwa na binadamu. Mpaka huo siuamini sana. Mvua ni ya asili, lakini anayejenga kwenye mkondo wa maji ni mtu. Na Beirut, mji mkuu wa Lebanon, 4 Agosti 2020, ililipuka shehena ya amonia naitreti, kemikali ya mbolea inayoweza kulipuka; tani zipatazo 2,750 zilikuwa zimewekwa ghalani bandarini kwa miaka. Mimi huyagawa kwanza kwa kasi yanavyokuja: tetemeko halipigi hodi, kimbunga huonekana siku kadhaa kabla, ukame hunyemelea kwa miezi, na kwa sababu hiyo hupuuzwa hadi mifugo ianze kufa.

Kazi yenyewe ina hatua nne: kuzuia au kupunguza makali, kujiandaa, kukabiliana, na kurejesha hali. Kamera huja kwenye ile ya tatu. Maisha mengi huokolewa kwenye zile mbili za mwanzo.

Tazama Bangladesh. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wanaokadiriwa kuwa laki tatu au zaidi. Baada ya hapo wakajenga makimbilio ya zege na kufunza watu wa kujitolea wanaopita kijiji kwa kijiji na vipaza sauti na bendera. Mei 2020 kilipokuja kimbunga Amphan, zaidi ya watu milioni mbili walihamishwa mapema, na vifo nchini humo havikufika mia.

Ndiyo maana nikipewa mpango wa maafa kuukagua, nafungua kwanza ukurasa wa namba za simu na kuanza kupiga. Katika taasisi moja, namba kumi na mbili, zilipokelewa nne. Mmoja wa waliopokea alikuwa amestaafu miaka miwili nyuma, na hakujua kwamba jina lake lingali kwenye orodha ya wanaotoa amri ya kuhamisha watu.