Daftari la Mangi na mengine tunayoyaamini

Dar es Salaam kila mwenye duka la kona ni Mangi, hata akiwa Mpemba. Jina hilo ni cheo cha watawala wa Uchagani. Lilishuka mlimani na wafanyabiashara wa Kilimanjaro mpaka likawa la kila muuza sabuni. Na duka lake lina imani zake.

"Nikinunua kwa jirani, nimenunua cha nyumbani."

Angalia rafu kwanza. Unga wa ngano, hata ukiwa kwenye mfuko wa kiwanda cha hapahapa, sehemu kubwa ya ngano yake ilishushwa bandarini, maana nchi hailimi ya kutosha. Mafuta ya kupima mara nyingi ni ya mawese, ya Malaysia au Indonesia. Kile kitunguu saumu kikubwa cheupe ni cha China. Cha Mbulu ni kidogo, kinachosha kumenya, na harufu yake hulala nawe. Kwa bidhaa za nje Mangi hubaki na faida yake tu, nyingine inarudi kwa mwagizaji na kuvuka bahari. Ukichukua alizeti ya Singida, mchele wa Kyela au nyanya za Ilula, wanakula wengi wa humuhumu: mkulima, mwenye fuso, kuli wa sokoni, mama wa genge. Mimi siku hizi huuliza "hii ya wapi?" kabla ya kuuliza bei.

"Bakodi ikianza na 620, kimetengenezwa Tanzania."

Hapana. Bakodi ni ile mistari yenye namba kwenye pakiti, na 620 huonyesha kwamba namba ilisajiliwa Tanzania, kama 616 ilivyo ya Kenya. Kampuni ya hapa inaweza kuagiza bidhaa nje ikaibandika namba hiyo. Soma maandishi madogo, na usichanganye "imefungashwa" na "imetengenezwa".

"Duka dogo halilipi kodi."

Hulipa. Sabuni na soda alizozichukua Mangi kwa jumla zimeshatozwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18, na asiyesajiliwa VAT hawezi kuidai irudishwe.

"Kwa Mangi ni ghali."

Kwa vipimo vidogo, kweli. Zidisha bei ya robo ya sukari mpaka kilo uone. Ila weka na nauli ya kwenda supamaketi na kurudi, halafu kumbuka kwamba anayelipwa kwa siku hana pesa ya kununua kilo tano kwa mkupuo. Mwenye mshahara wa mwezi ndiye hana kisingizio: achukue mfuko mzima palepale, wapatane.

"Nikikopa kwake, namuunga mkono."

Hii inaniuma, maana jina langu limewahi kuwemo kwenye daftari lake. Mangi akienda Kariakoo hulipa taslimu. Kila jina daftarini ni katoni isiyorudi dukani. Dalili huanza taratibu: sukari inakwisha, kisha mchele, kisha chupa tupu za soda zinapangwa mbele ili rafu isionekane kipara. Ukutani anabandika "Kukopa harusi, kulipa matanga", na wadaiwa tunaisoma huku tukiomba robo nyingine.

Baya zaidi hutokea baadaye. Mwenye deni huona haya, akaanza kupita uchochoro wa nyuma, na siku akishika pesa anaipeleka duka la mtaa wa pili. Kwa hiyo Mangi aliyekulisha wakati huna kitu anakukosa wakati unacho. Sisemi watu wasikope; nyumba nyingi huvuka mwisho wa mwezi kwa daftari hilo, naye akilipwa kwa wakati hupata mteja asiyehama. Shida ni tarehe. Mimi niliahidi tarehe tano, nikalipa baada ya miezi miwili. Alikata jina langu kwa mstari mmoja mrefu, hakusema neno, akanipa pipi kama mtoto. Kesho yake sukari ilikuwepo. Nadhani tulilipa wengi siku ile.